Je, wajua kwa nini kodi ikiondolewa bei haishuki?

Juni 2018 nilikuwa miongoni mwa waliopiga hesabu haraka. Waziri wa Fedha wa Tanzania wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alikuwa amesoma bajeti bungeni na kutangaza kwamba taulo za kike zinasamehewa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ile VAT ya asilimia 18. Pakiti niliyozoea kununua Kirumba, hapa Mwanza, ilikuwa Sh2,000. Nikatoa asilimia 18, nikapata 1,640. Julai ilipoingia nikaenda dukani na noti yangu ya elfu mbili, nikasubiri chenji.

"Mama, si kodi imetolewa?"

"Mwanangu, huu mzigo wa zamani."

Niliondoka nimemhukumu yule mama kuwa mlanguzi. Baadaye sana ndipo nilipogundua kwamba hesabu yangu ilikuwa na makosa matatu, na hakuna hata moja lililokuwa lake.

La kwanza ni la darasani. VAT haikatwi kutoka bei ya mwisho, huongezwa juu ya bei ya mwanzo. Kitu cha Sh1,695 kikiongezewa asilimia 18 ndipo kinafika elfu mbili, kwa hiyo kodi iliyomo ni 305, si 360.

La pili: nilidhani mama mwenyewe ndiye anayetoza VAT. Duka la mtaani kama lake halijasajiliwa kwa kodi hiyo. Usajili wa lazima ulianzia mauzo ya Sh100 milioni kwa mwaka wakati ule, na tangu 2023 ni Sh200 milioni. Kodi ilikuwa imejificha ndani ya bei aliyonunulia. Tuseme, kwa mfano tu, pakiti ilimfikia kwa Sh1,600 kutoka kiwandani. Ndani ya hizo, kodi ni 244. Zile 400 anazoongeza kwa ajili ya pango, umeme na kukaa pale mpaka saa nne usiku hazikuwahi kuwa na VAT, kwa hiyo hakuna cha kuzisamehe.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike makala haya, maana linapingana kabisa na akili ya kawaida: msamaha wa VAT hauondoi VAT yote.

Fikiria kreti ya soda. Mwenye duka anapochukua soda kwa muuza jumla bila kurudisha kreti tupu, anaacha hela ya chupa. Naye mteja akitaka kuondoka na chupa, anamwachia mwenye duka hela ya chupa. Kila mmoja anajifidia kwa anayemfuata, na mzigo unamwangukia yule wa mwisho aliyeondoka nayo. VAT inatembea hivyohivyo. Kiwanda kinalipa kodi kwenye pamba, plastiki na umeme (TRA, Mamlaka ya Mapato, huiita kodi ya manunuzi), kisha kinatoza kodi kwenye mauzo, kinajirudishia ile ya kwanza na kupeleka serikalini tofauti iliyobaki. Mlaji hana wa kumdai.

Sasa mtu aje amwambie mwenye duka: "Kuanzia leo ni marufuku kumtoza mteja hela ya chupa. Ila ile uliyoacha kwa muuza jumla, hurudishiwi." Mwenye duka atafanya nini? Ataichomeka kwenye bei ya soda.

Huo ndio msamaha. Tukirudi kwenye mfano wetu, tuseme kiwanda kilinunua malighafi za Sh800 na kulipia VAT ya 144. Kabla ya msamaha kilitoza 244, kikajirudishia 144, kikapeleka TRA 100. Baada ya msamaha hakitozi ile 244, lakini pia hakirudishiwi 144, ambayo sasa imekuwa gharama kama gharama nyingine. Nafuu halisi ni Sh100 kwenye pakiti ya elfu mbili. Mimi nilikuwa nasubiri 360.

Kuna dawa yake, nayo inaitwa kiwango cha asilimia sifuri: kiwanda hakitozi kodi na bado kinarudishiwa ya manunuzi. Mtaani maneno hayo mawili husikika kama kitu kimoja, ila kwenye vitabu yanatofautiana kwa hiyo 144. Na ajabu nyingine: chini ya msamaha ule, pakiti iliyoagizwa nje tayari imetengenezwa ilisamehewa VAT yote ikivuka mpaka, wakati ya kiwanda cha ndani ilibaki na mabaki ya kodi tumboni. Unaweza kumpa nafuu mgeni kuliko mwenyeji bila kukusudia.

Bado hatujafika kwa mnunuzi. Hiyo mia moja anaichukua nani? Chukua mwalo wenye boti moja tu ya kwenda kisiwani. Serikali ikifuta ushuru wa boti, nauli itashuka? Abiria hana kwingine, kwa hiyo mwenye boti ataona nafuu hiyo ni riziki yake. Weka boti kumi zenye wapiga debe kumi, mmoja atashusha mia mbili ili ajaze, na wenzake watamfuata wakinung'unika. Sheria ya kodi ni ileile katika mialo yote miwili.

Hapa ndipo vinyozi wa Ufini wanapoingia, na nakiri nimewapenda. Mwaka 2007 nchi hiyo ilipunguza VAT ya kunyoa kwa pointi 14 za asilimia, na 2012 ikairudisha kwa pointi 14 zilezile. Watafiti walilinganisha bei: kodi ilipopanda, bei ziliitikia karibu mara mbili ya zilivyoitikia iliposhuka. Ni vinyozi, tena wa mbali, na sitathubutu kusema Kirumba ni vivyo hivyo.

Kwetu, Juni 2019 waziri aliirudisha VAT ya taulo kwa hoja kwamba bei hazikushuka. Mwaka mmoja ni muda mfupi wa kupima jambo kama hilo, hasa ukikumbuka mzigo wa zamani. Bajeti hiyohiyo ikawapunguzia wawekezaji wapya wa viwanda vya taulo kodi ya mapato ya kampuni, kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Hiyo iko mbali zaidi na mnunuzi: ni kodi ya faida, haigusi bei moja kwa moja. Ikimfikia mwananchi, itapitia kwenye ajira mpya au boti ya pili mwaloni.

Petroli ni tofauti. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa fomula inayotaja kila tozo, na Mwanza ina mstari wake kwenye jedwali la bei. Shilingi mia ya tozo iliyoongezwa kwa lita Julai 2023 iliingia kwenye hesabu wazi. Ikiondolewa, itatoka kwa njia hiyohiyo, maana kikomo kinashuka nayo.

Ubinafsishaji nao nimeanza kuupima kwa boti hizohizo. Reli ya kati inayofika Mwanza ilikabidhiwa mwekezaji kutoka India mwaka 2007 kwa asilimia 51 ya hisa, na 2011 serikali ikairudisha. Reli ilikuwa moja kabla na moja baada. Kwenye simu, asilimia 35 ya TTCL, kampuni ya simu ya serikali, iliuzwa 2001, lakini kilichoshusha gharama ya kupiga, kwa maoni yangu, si hisa hizo bali mitandao iliyokuwa ikigombea laini moja ya mteja mmoja.

Julai 2019, kodi iliporudi, nilipita tena kwa yule mama. Pakiti ilikuwa Sh2,200. Nilimuuliza kama mzigo mpya umeshafika.

"Bado, mwanangu. Unakuja wiki ijayo."