Mtoto Akishindwa Kupumua Delhi, Usisubiri Zamu ya Gari: Maswali ya Wazazi na Majibu

Ikifika mwisho wa Oktoba, ukungu wa moshi unaposhuka Delhi, simu yangu hailali. Wanaopiga ni wazazi wenzetu kutoka Tanzania, Kenya na Kongo walioletwa Delhi na kazi, masomo au biashara, wakaja na watoto. Mimi niko wodi ya watoto hapa hapa, basi wananiuliza mimi. Maswali mengi yanajibika kwa sentensi mbili. Lipo moja nalijibu kila msimu, na kila msimu bado naletewa mtoto aliyecheleweshwa kwa sababu ile ile.

Daktari, huu ukungu ni nini? Mbona hata Lushoto upo na hatuugui?

Ule wa Lushoto ni maji. Huu ni moshi wa magari, viwanda na tanuri za matofali, vumbi la ujenzi, fataki za Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na mabua ya mpunga yanayochomwa mashambani kwenye majimbo ya Punjab na Haryana kati ya Oktoba na Novemba. Upepo nao unatulia, hewa ya juu inakuwa na joto kuliko ya chini, moshi unakosa pa kupandia. Chembe zinazotuumiza zaidi zinaitwa PM2.5, nyembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara 20. Pua haizichuji, zinashuka hadi mwisho wa pafu. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi mikrogramu 15 kwa mita moja ya ujazo kwa siku. Siku mbaya za Novemba, Delhi hupita 300.

Si mapafu yake yatazoea?

Hayazoei. Kiganja huota sugu kwa jembe, pafu haliko hivyo. Mzazi anayekuambia "wa kwangu ameshazoea", mara nyingi mtoto wake anakohoa kila usiku na nyumba nzima imeacha kukisikia kile kikohozi.

Nitajuaje kwamba haya si mafua tu?

Mvue shati, mlaze akiwa ametulia, washa taa, kisha hesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa. Usikadirie. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kumi na miwili, 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Kisha angalia chini ya mbavu: akivuta hewa, nyama inabonyea ndani? Anashindwa kunyonya au kunywa? Anaongea neno moja moja? Anakoroma au kupiga mluzi kifuani? Amelegea, haamki vizuri?

Midomo kugeuka bluu usiitafute kwenye ngozi ya nje ya watoto wetu, hutaiona mapema. Angalia ulimi, fizi na ndani ya mdomo. Na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole kisikudanganye: kwa ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko hali halisi. Mbavu zikibonyea, namba nzuri kwenye kidole haikupi ruhusa ya kulala.

Ukiona hata moja ya dalili hizo, ni hospitali, sasa hivi. Usiseme asubuhi.

Na kama siku hiyo gari letu haliruhusiwi barabarani?

Hili ndilo swali lenyewe, na jibu ni: nenda.

Nieleze kwa wageni. Delhi imewahi kuendesha magari kwa zamu: tarehe witiri yanatembea yenye namba inayoishia witiri, tarehe shufwa yanatembea ya shufwa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Ilikuwa hivyo mara mbili mwaka 2016, ikarudi tarehe 4 hadi 15 Novemba 2019. Pamoja na hayo kuna mpango wa hatua nne unaofuata kipimo cha jumla cha uchafuzi wa hewa, AQI, ambacho si zile mikrogramu za PM2.5. Kikivuka 400 inaanza hatua ya tatu, na hapo magari ya zamani, hasa ya dizeli ya kabla ya kanuni mpya za injini za Aprili 2020, yanazuiwa. Kikivuka 450 masharti yanakaza zaidi na masomo huhamia mtandaoni.

Sasa sikiliza. Novemba ile ya 2019 niliwapokea baba na mama na mtoto wao wa miaka mitatu. Ilikuwa saa mbili na nusu usiku. Shati la mtoto lilikuwa limelowa jasho kwenye baridi ile, shingo ikivutika kwa kila pumzi, nami nikahesabu 64. Nikauliza ameanza lini. Mama akasema tangu adhuhuri. Muda wa saa nane nzima! Nikamuuliza baba walikuwa wapi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Daktari, namba yetu ni witiri na leo ni shufwa. Tulisubiri saa mbili ifike."

Faini mwaka ule ilikuwa rupia 4,000. Wala wasingetozwa, kwa sababu gari linalopeleka mgonjwa wa dharura lilikuwa limesamehewa kwa kauli ya dereva, na hata mama akiwa peke yake na mtoto wa chini ya miaka 12 alisamehewa. Mtoto alikaa nasi siku nne, akapona. Zile saa nane bado zinaniuma.

Kwa hiyo narudia, na nitarudia tena mwakani: gari lako likizuiwa, usisubiri zamu. Panda teksi. Panda bajaji, za hapa zinatumia gesi na hazihusiki na zamu. Gonga mlango wa jirani, hata kama hujawahi kumsalimia. Piga 112, namba ya dharura ya India. Askari akikusimamisha, mwonyeshe mtoto. Faini utailipa mtoto akiwa hai.

Na kama huna gari kabisa, jibu ni hilo hilo. Usisubiri mume atoke kazini. Usisubiri ukungu upungue.

Bibi yake amepiga simu kutoka Tanga, anasema tumfukize.

Msalimie bibi, mpe shikamoo yangu, lakini usimfukize. Sufuria ya maji ya moto chini ya shuka na mtoto anayehangaika, mwisho wake nauona wodi ya walioungua. Mvuke hautoi PM2.5 kwenye pafu. Na hapo hapo, tafadhali, zimeni udi na ubani chumbani kwa mtoto, na dawa ya mbu ya kuchoma. Mnafunga madirisha kuzuia moshi wa nje halafu mnawasha wa ndani! Jiko la mkaa la kuotea baridi kwenye chumba kilichofungwa ndiyo usiku wa mwisho kwa familia nzima.

Nimempa ile antibayotiki iliyobaki. Sawa?

Si sawa. Moshi hauuawi kwa antibayotiki, na ile siku mbili za "tuone kama itamsaidia" ni kuchelewa kule kule kwa jina lingine. Dawa za kikohozi za chupa nazo, kwa wadogo, hazisaidii na nyingine zinalaza mtoto wakati anapohitaji kupambana na pumzi.

Barakoa na mashine za kusafisha hewa?

Barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi. N95 inafaa, iwe ya saizi ya mtoto na ibane pembeni. Chini ya miaka miwili usimvalishe kabisa. Mashine nunua yenye chujio la HEPA, lile linalonasa chembe ndogo, weka chumba anacholala, badilisha chujio. Dirisha fungua alasiri, saa saba hadi saa kumi, ambapo hewa mara nyingi huwa na nafuu kuliko alfajiri. Mpira wa asubuhi uwanjani, Novemba hii hapana.

Ana pumu, tumekuja na pampu yake.

Vizuri. Ile ya kuzuia pumu isianze atumie kila siku hata akiwa mzima. Wazazi wanaiacha kwa sababu "leo hakohoi". Ya kutuliza pumu ikishaanza itumike pamoja na chemba ya plastiki inayounganishwa na pampu. Akiihitaji tena kabla muda wa saa nne haujapita tangu aitumie, twende hospitali.

Nikipiga simu nisemeje, na Kihindi sijui?

Kariri: *bachcha saans nahin le pa raha*, mtoto hawezi kupumua. Wa kike: *bachchi saans nahin le pa rahi*. Kisha andika anwani yako, namba ya lango, na msikiti, hekalu au soko lililo karibu, maana madereva wengi hapa wanakwenda kwa alama. Mwombe jirani akuandikie hiyo anwani kwa Kihindi. Ibandike kwenye friji leo jioni, na dada wa kazi aione.