Vumbi la Msasa: Maswali ya Mafundi wa Mbao na Majibu Yake

Jioni inapofika katika karakana za samani za Nairobi, huko Gikomba, Kariobangi na kando ya Ngong Road, kope za wapiga msasa huwa zimeshika rangi ya mbao ya siku hiyo. Hilo ni vumbi linaloonekana. Majibu haya yanahusu zaidi lile lisiloonekana.

Kwa nini vumbi la msasa liogopwe kuliko unga wa msumeno?

Randa hutoa maranda, na msumeno hutoa unga ambao sehemu kubwa huanguka miguuni. Msasa husaga. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe hizo huendelea kuelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na ndiyo sababu anayekula chakula cha mchana pale pale karakanani bado anazivuta.

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao Lyon, Ufaransa, liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1: vitu vilivyothibitishwa kumsababishia binadamu saratani. Inayohusishwa nalo zaidi ni saratani ya pua na sainasi, yaani vijishimo vya hewa vilivyo kando ya pua. Ni adimu, lakini huweza kujitokeza miongo kadhaa baada ya fundi kuanza kazi. Yanayotangulia ni mafua yasiyokwisha, pumu na ngozi kuwasha. Mvule, mbao tunayoipenda kwa uimara wake, unajulikana kwa kuchochea pumu na vipele. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizogandishwa, nayo huwa na gundi ya formaldehaidi, kemikali yenye madhara, kwa hiyo kuiona ni "mbao laini" hakuifanyi iwe salama.

Nikinywa maziwa jioni, si kifua husafika?

La. Maziwa hupita kwenye umio na kuingia tumboni; vumbi lilipita kwenye koromeo la hewa na kuingia mapafuni. Kunywa maziwa kwa lishe, lakini pesa za kinga zinunue barakoa.

Nitajuaje kwamba hewa ya karakana ni chafu?

Jaribu kwa tochi. Subiri giza liingie au funika madirisha, kisha mwenzako apige msasa kama kawaida. Weka tochi kali upande wa pili wake, mwanga ukielekea kwako na vumbi likiwa katikati. Shika kipande cha ubao kikinge taa yenyewe isikupige machoni. Wingu ambalo mchana hukuliona litang'aa, na utaona linakotoka: pembeni mwa sahani ya mashine, kwenye mfuko uliotoboka, au kwenye nguo anapozikung'uta.

Tochi haitoi tarakimu. Zinapohitajika, mpimaji humvalisha fundi pampu ndogo, na kichujio chake hubanwa kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Ikivuta lita 2 kwa dakika kwa saa 8, hupitisha lita 960 za hewa. Kichujio kikiongezeka miligramu 4.8, hewa ilibeba miligramu 5 kwa kila mita ya ujazo. Kwa mbao ngumu, Uingereza huruhusu 3, na Umoja wa Ulaya 2. Kichujio kingine kisichotumika hupimwa sambamba, kwa sababu unyevu peke yake unaweza kubadilisha uzito.

Nianzie wapi kulipunguza?

Pale msasa unapogusa mbao. Vumbi likishatawanyika umechelewa, na feni ya ukutani hulipeperusha tu kwa jirani.

Mashine ya msasa ya mkono huwa na matundu kwenye sahani yake. Matundu ya karatasi lazima yalingane na hayo. Karatasi ya matundu 5 juu ya sahani ya matundu 8 huziba njia ya kufyonzea. Unganisha bomba na kifyonza vumbi chenye kichujio cha chembe laini. Kile cha nyumbani cha mfuko wa kitambaa hurudisha hewani zile chembe mbaya zaidi. Msasa uliojaa utomvu na vanishi haukati tena, hupasha mbao moto hadi inaungua, na fundi huishia kukandamiza. Ubadilishe mapema.

Kwa mashine kubwa ya mkanda, hewa ndani ya bomba iende karibu mita 20 kwa sekunde. Ikipungua, vumbi hutua kwenye kona na bomba huziba. Weka geji ya shinikizo kwenye kichujio, andika kipimo chake kikiwa kisafi, na ukague kila asubuhi. Tofauti ya shinikizo ikipanda, kichujio kinaziba.

Acheni kujipuliza kwa kompresa. Tunajua ni haraka, lakini sekunde chache hizo hurudisha hewani vumbi la siku nzima, na wingu zito likikutana na cheche laweza kulipuka. Futa kwa kitambaa chenye maji au tumia kifyonza. Mfuko wenye vumbi la vanishi umwagwe kila jioni kwenye pipa la chuma lenye kifuniko, nje, kwa kuwa unaweza kujipasha joto na kuwaka usiku.

Barakoa ya kitambaa yatosha?

Haitoshi, wala ile ya hospitali ya rangi ya samawati. Tafuta barakoa ya kuchuja chembe laini, iliyoandikwa N95 au FFP2. Bana kipande cha chuma puani, funika barakoa kwa viganja na utoe pumzi kwa nguvu. Ukihisi hewa kandokando, haijakaa. Juu ya ndevu haikai kamwe. Mwajiri ndiye anayepaswa kutoa vifaa vya kinga, kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007.

Dalili zipi zinipeleke hospitali?

Pua kuziba upande mmoja kwa wiki kadhaa, au kutokwa damu mara kwa mara upande huo huo: mwone daktari wa masikio, pua na koo. Kifua kikibana siku za kazi na kufunguka wikendi, shuku pumu ya kazini. Daktari anaweza kukupa kifaa cha kupima kasi ya pumzi. Pima mara 4 kwa siku kwa wiki 4, siku za mapumziko zikiwemo, na kando ya kila kipimo uandike mbao uliyoipiga msasa.