Konokono hahami gamba lake

Ule ujumbe umerudi tena kwenye magrupu: eti konokono akikua huvua gamba na kuhamia jingine, kwa hiyo ukimkuta yule adimu wa msituni, mvute taratibu uchukue gamba, atapata lingine. Sivyo. Gamba ni sehemu ya mwili wake. Limeshikana naye kwa msuli, na ndani yake umo moyo na viungo vingine laini. Ukimtoa, anakufa.

Konokono huanguliwa akiwa tayari na kigamba, kisha hukikuza kwa kuongeza chokaa kwenye ukingo wa mdomo wa gamba. Hakikisha mwenyewe: mtazame konokono yeyote mchanga bila kumbandua alipo. Ile ncha ndogo iliyojiviringa ndiyo gamba alilotoka nalo yaini, na ukingoni mara nyingi utaona ukanda mwembamba, bado mpya.

Naelewa watu wanachanganywa na nini. Yupo kaa wa pwani anayeishi kwenye magamba ya konokono wa baharini waliokufa, na huyo kweli huhama. Naye koa, kwa kuwa hana gamba la nje, hudhaniwa ni konokono aliyelivua.

Kosa hili ni zito kwa konokono wanaozaliana polepole. Huko New Zealand, konokono wakubwa wa msituni waitwao Powelliphanta wanalindwa na sheria, na hata gamba tupu hairuhusiwi kuliokota.

Tafadhali, ukiletewa ujumbe huo usiusambaze. Mjibu aliyeutuma, kwa upole, kwamba gamba halivuliwi.