Mdahalo wa shule: yanayosemwa na yanayotokea ukumbini

Nikitangaza darasani kwamba tunatafuta wanafunzi watatu wa kwenda kushindana na shule jirani, macho yote humgeukia yuleyule: mwenye sauti nzito na Kiingereza kinachotiririka. "Mwalimu, mpeleke huyo, tumeshashinda." Nimekuwa mlezi wa klabu ya mdahalo kwa miaka kadhaa, na dhana hiyo imeturudisha nyuma kuliko hata uhaba wa vitabu.

Tuanze na alama. Mashindano ya dunia ya midahalo ya sekondari yalianzia Australia mwaka 1988, na mfumo wake ndio tunaoufanyia mazoezi. Kati ya alama 100 za msemaji, 40 ni za maudhui, 40 za uwasilishaji na 20 za mkakati, yaani mpangilio wa hoja, matumizi ya muda na uwezo wa kutambua jambo gani hasa linabishaniwa. Sauti, macho, ishara za mikono na ufasaha wa lugha, vyote vinagombania hizo 40 za uwasilishaji. Mwenye sauti nzuri asiye na hoja ameziacha 60 mezani. Na yale maneno mazito ya kukariri kutoka kamusini hayamsaidii mtu, kwa sababu jaji hawezi kutoa alama kwa hoja ambayo hakuielewa.

Makofi nayo hayahesabiwi. Shule mwenyeji inaweza kujaza ukumbi na kushangilia mpaka mabati yatikisike, lakini jaji anaandika yaliyosemwa.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba kujiandaa ni kukariri. Nami niliiamini. Mwaka wangu wa kwanza niliwaandikia wanafunzi hotuba nzima, wakazimeza neno kwa neno. Mada ilikuwa kwamba simu ziruhusiwe shuleni, nasi tuliunga mkono. Msemaji wa kwanza wa wapinzani akasema simu zitaibwa mabwenini, na ugomvi wa wizi utakula muda wa masomo. Hoja nzuri, ya kweli, kila aliyelala bweni anaijua. Msemaji wetu wa pili akasimama, akatazama juu kama anayesoma dari, akatiririka dakika baada ya dakika kuhusu intaneti na maktaba za mtandaoni. Juu ya wizi hakugusa hata neno. Tulishindwa, na tulistahili.

Muhula uliofuata nilimchukua binti wa kidato cha pili ambaye hata kuitikia mahudhurio ilikuwa lazima umsogelee ndipo umsikie. Nilichokuwa nimekiona ni daftari lake. Alikuwa amekunja ukurasa katikati: kushoto anaandika kila hoja ya mpinzani, kulia jibu lake, na pasipo na jibu anaacha wazi na kuizungushia duara. Mada ileile ya simu ilipojirudia kwenye mazoezi, hoja ya wizi ikatolewa tena. Akajibu taratibu: "Pesa za matumizi nazo huibwa bwenini. Shule haikupiga marufuku pesa, ilimpa matroni azitunze. Kwa nini simu zisitunzwe hivyo hivyo?" Ukumbi ulinyamaza. Hakuna hotuba ya kukariri ingeweza kutoa sentensi hizo tatu, maana zilizaliwa kwa kusikiliza. Ndiyo maana kwenye mashindano makubwa baadhi ya mada hutolewa saa moja tu kabla ya kuzungumza, na timu hujifungia chumbani bila mwalimu wao. Hapo aliyezoea kumeza hotuba hana pa kushika.

Wazazi wana hofu nyingine: kwamba mdahalo unawafanya watoto kuwa wabishi wasioheshimu wakubwa. Siipuuzi hofu hiyo, kwa sababu adabu ya mtoto ni jambo zito kwetu. Ila ningependa kila mzazi aje aone utaratibu wenyewe. Msemaji ana dakika 8. Dakika ya kwanza na ya mwisho hakuna ruhusa ya kumkatiza. Katikati, mpinzani mwenye la kusema husimama kuomba kutoa taarifa, yaani swali au pingamizi fupi, na msemaji ana haki ya kumkatalia. Akikataliwa anaketi kimya. Akikubaliwa ana sekunde 15 hivi, basi. Ni vikao vichache vya watu wazima nilivyohudhuria ambavyo watu wanasubiriana namna hiyo.

La mwisho ni lile la kusema kwamba tunawafundisha watoto kutetea wasichokiamini, yaani uongo. Ni kweli kwamba mwanafunzi hachagui upande, anapangiwa. Nilikuwa na kijana anayechukia viboko, akapangiwa kutetea viboko shuleni. Alikuja kwangu karibu alie. Nikamwambia nenda katafute sheria inasemaje, kisha urudi. Akarudi na kanuni za viboko za Tanzania za mwaka 2002: viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Hotuba yake yote ikasimama juu ya hapo, kwamba anachokitetea ni adhabu yenye mipaka na kumbukumbu, wala si mwalimu anayechapa kwa hasira. Hakusema uongo hata mara moja.

Bado anachukia viboko. Alipotoka ukumbini aliniuliza kama mwanafunzi anaruhusiwa kuomba kukiona kile kitabu.