Maana ya "msimu" katika besiboli ya kulipwa: mfano wa 1876

Kwa shabiki wa soka, msimu ni kitu kinachojulikana mapema: timu ngapi, nyumbani na ugenini, ratiba mkononi, na viporo vinachezwa kabla bingwa hajatangazwa. Besiboli ya kulipwa ya Marekani haikuanza hivyo.

Kuanzia 1871 hadi 1875 kulikuwa na National Association, chama cha klabu za wachezaji wa kulipwa. Klabu ililipa dola 10, ikaingia kuwania ubingwa, kisha ikaandikiana na wenzake kutafuta tarehe. Aliyeishiwa nauli alifunga virago. Mwaka 1875 Boston ilishinda mechi 71 na kupoteza 8, na Keokuk ya jimbo la Iowa ilicheza 13 tu, ikashinda 1, ikapotea. Zote zilihesabiwa kuwa kwenye msimu mmoja!

Tarehe 2 Februari 1876, jijini New York, William Hulbert, kiongozi wa klabu ya Chicago, aliunganisha klabu 8 kuwa ligi mpya, National League. Hapo msimu ukapata maana ya mkataba. Kila klabu ilitakiwa kukutana na kila mpinzani mara 10, 5 nyumbani na 5 ugenini, yaani mechi 70. Ada ilipanda hadi dola 100 kwa mwaka. Tarehe, hata hivyo, klabu zilipangiana zenyewe, na udhaifu huo ulionekana baadaye. Mechi ya kwanza ilipigwa Philadelphia tarehe 22 Aprili, Boston ikashinda 6 kwa 5.

Bingwa hakupatikana kwa pointi. Bendera ya ubingwa ilikwenda kwa mwenye ushindi mwingi. Kipimo hicho hakina tatizo iwapo wote wamecheza sawa, lakini ni Boston peke yake iliyofikisha mechi 70. Chicago ilimaliza na ushindi 52 na vipigo 14, kwa hiyo haikuwa na mshindani. Utata uko nafasi ya pili: Hartford ilishinda 47 na kupoteza 21, St. Louis ilishinda 45 na kupoteza 19. Ukihesabu ushindi, Hartford iko juu. Ukigawa ushindi kwa mechi zilizoamuliwa, St. Louis inapata 0.703 na Hartford 0.691. Ndiyo sababu jedwali la msimu huo lisomwe kwa kuangalia kwanza kipimo kilichotumika.

Takwimu za wachezaji nazo zinadanganya ukizisoma kwa macho ya leo. Mrushaji alimrushia mpigaji mpira kwa kuupitisha mkono chini, si juu ya bega, kutoka futi 45 (kama mita 13.7), na mpigaji aliruhusiwa kuagiza auletewe juu au chini. Kwa hiyo mkono haukuchoka upesi: George Bradley wa St. Louis alianza mechi zote 64 za timu yake, na 16 kati ya hizo wapinzani hawakupata hata mzunguko mmoja, yaani alama inayopatikana mchezaji akipita besi (vituo) zote nne.

Mfano mwingine ni Ross Barnes wa Chicago, aliyeongoza kwa wastani wa kupiga (mapigo yaliyomfikisha besi, yakigawanywa kwa zamu zake za kupiga) wa 0.429. Sheria ilisema mpira ukigusa ardhi kwanza ndani ya mistari ni halali, hata ukichepuka nje kabla ya kufika besi ya kwanza. Barnes aliukata kuelekea chini ili udunde ndani na kukimbilia nje, mbali na walinzi, naye akakimbia besi. Mwaka 1877 sheria ilibadilishwa na wastani wake ukaporomoka. Wengi huilaumu sheria peke yake. Mwaka huo pia aliugua, kwa hiyo hukumu hiyo ni ya haraka mno.

Mkataba ulivunjika mwishoni mwa msimu. Mutual ya New York na Athletic ya Philadelphia zilikuwa na hali mbaya kifedha, zikakataa safari ya mwisho ya magharibi, ambako nauli na hoteli zingezidi mapato ya mlangoni. Klabu zilizokuwa zikiwasubiri zikakosa viingilio vya senti 50 kwa kichwa. Desemba ligi ikazifukuza zote mbili, ingawa zilitoka kwenye miji mikubwa kuliko yote.

Msimu wa 1877 ulibaki na klabu 6, mechi 60 kwa kila moja, na safari hii ratiba ikapangwa na ligi yenyewe. New York na Philadelphia zilirudi kuwa na klabu kwenye ligi hiyo mwaka 1883.