Maana ya ghaibu, na kwa nini huwavuta watu kuliko sayansi

Neno ghaibu, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, hutaja kitu kisichokuwepo mbele ya macho, na ndiyo sababu aliyehifadhi maandishi husemwa kuwa anayasoma kwa ghaibu, kwa kuwa hana kitabu mkononi. Kwa mapana yake, mambo ya ghaibu ni yale yanayosemwa kutokea nje ya kanuni za maumbile: mizimu, majini, uchawi, ndoto zinazotabiri, bahati inayosomwa kwenye nyota. Sayansi ni maarifa yanayopatikana kwa kuchunguza, kupima na kurudia jaribio mpaka mtu mwingine yeyote aweze kupata matokeo yale yale.

Wengi hudhani kwamba ghaibu huvutia kwa sababu haionekani. Maelezo hayo hayatoshi, kwa maana sayansi nayo imejaa visivyoonekana, na baadhi yake vinastaajabisha kuliko kisa chochote cha jini. Chembe ziitwazo nutrino hutoka katika kitovu cha jua na kupenya kila sentimita ya mraba ya miili yetu kwa idadi inayozidi bilioni 60 kila sekunde, mchana na usiku, kwa kuwa hata dunia nzima haizizuii. Ukiwasimulia watu habari hiyo watashangaa kidogo, kisha watarudi kwenye mazungumzo yao. Lakini mmoja wao akisema kwamba jana usiku alisikia jina lake likiitwa katika chumba kisicho na mtu, wote watanyamaza wamsikilize.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko kwenye nia. Nutrino haimjui inayempitia wala haina haja naye, ilhali sauti iliyoita jina imemchagua mtu mmoja miongoni mwa wote na ina jambo inalolitaka kwake. Akili ya binadamu imezoea mno kutafuta nia, kiasi kwamba huiona hata pale isipokuwepo. Mwaka 1944 wanasaikolojia Fritz Heider na Marianne Simmel walichapisha matokeo ya jaribio ambamo watu walionyeshwa filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja dogo, vikizungukazunguka karibu na mstatili wenye upande unaofunguka kama mlango. Hapakuwa na kingine chochote. Hata hivyo, katika kundi la kwanza la watazamaji 34, ni mmoja tu aliyesimulia alichokiona kwa lugha ya maumbo matupu; wengine walieleza habari za viumbe wenye nia, wanaofukuzana, wanaoogopa, wanaoonea na kuonewa.

Tabia hiyo hiyo ilijitokeza mwaka 1976, chombo cha angani Viking 1 kilipopiga picha ya kilima kwenye sayari ya Mirihi ambacho, kwa jinsi jua lilivyokipiga ubavuni, kilionekana kama uso wa mtu unaotazama juu. NASA ilieleza tangu mwanzo kwamba ni kivuli tu. Picha zilizopigwa kwa ukaribu zaidi na chombo kingine mwaka 1998 na 2001 zilionyesha kilima cha kawaida kilichomomonyoka, lakini mpaka leo picha inayosambazwa sana ni ile ya kwanza, yenye uso. Nadhani sababu ni hiyo hiyo ya nia: palipo na uso, pana mwenye uso.

Ni kweli pia kwamba sayansi hudai hesabu na subira, na kwamba jibu lake huweza kubadilika ushahidi mpya ukipatikana, ilhali kisa cha ghaibu hueleweka mara moja. Ugumu huo una uzito wake, ila siuoni kuwa ndio kiini, kwani watu hujifunza mambo magumu kwa bidii kubwa pale wanapoona yanawagusa.

Panapouma hasa ni kwenye msiba na maradhi. Mtu mwenye saratani anaweza kuelezwa kwa usahihi jinsi seli zinavyogawanyika, jinsi kosa dogo linavyoweza kutokea DNA inaponakiliwa, na jinsi makosa ya namna hiyo yanavyoweza kurundikana kwa miaka mingi hadi uvimbe ukaanza. Akiuliza kwa nini yeye na si jirani yake, na kwa nini wakati huu watoto wakiwa bado wadogo, mara nyingi jibu la kweli ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa sadfa. Jibu hilo ni sahihi, na ni zito mno kulibeba. Anayetoka hospitali akaenda kwa mpiga ramli huenda hajayakataa maelezo ya daktari hata kidogo. Amekwenda na swali lile la pili, ambalo mpiga ramli atalijibu kwa kumtajia jina la aliyelitaka jambo hilo litokee.