Waya umeshachomoka, draiva haitoki: dhana na ukweli

Msimu mmoja niliitwa Micheweni, Pemba, kwa tajiri anayenunua mwani mkavu. Mizani yake ya kielektroniki imeungwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya Linux, na programu ndogo inaandika kilo za kila gunia. Tundu la USB limeshaliwa na chumvi, basi gunia likigusa meza tu, waya unachomoka. Ukirudishwa, kilo hazisomeki. Kijana wa mizani alikuwa na dawa yake: "Mie nazima tu nawasha, kaka."

Dhana ya kwanza niliyoikuta pale ni kwamba kifaa kikitoka, draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na kifaa, nayo hutoka. Sivyo. Keneli, kiini cha Linux, huiarifu draiva kuwa kifaa kimeondoka, draiva inakiachia, lakini moduli yenyewe, yaani kipande cha msimbo chenye draiva hiyo, hubaki kwenye kumbukumbu ikingoja kifaa kingine cha aina ile. Kubaki huko si ugonjwa. Ugonjwa ni pale unapoitoa mwenyewe ikakataa.

Pale ilikataa. Niliandika amri ya kuitoa, `sudo modprobe -r ch341` (ch341 ndiyo draiva ya waya ule), nikajibiwa kuwa moduli inatumika. Tajiri akauliza kama ni virusi. Hapana: kila moduli ina hesabu ya wanaoishikilia, na amri ya `lsmod` huionesha kwenye safu ya tatu. Hesabu ikiwa juu ya sifuri, keneli haiitoi. Yetu ilisoma 1, na mizani iko sakafuni, waya mkononi mwangu!

Hapa ndipo mafundi wengi tunapotelezea. Unauliza `fuser /dev/ttyUSB0`, yaani nani ameshika faili linalosimama badala ya mlango wa mizani, unaambiwa faili hilo halipo, unahitimisha hakuna anayelishika. Kumbe waya ulipochomoka jina ndilo lililofutwa. Programu iliyokuwa imefungua mlango ule bado inao. Nikajaribu `sudo lsof | grep ttyUSB`, ya kuorodhesha mafaili yaliyofunguliwa, ikatokea `/dev/ttyUSB0 (deleted)`, na pembeni namba ya programu ya kilo. Ndiyo maana waya uliporudishwa mizani ikapewa jina ttyUSB1: la zamani halijaachiwa. Programu imeng'ang'ania mlango uliokufa, na mizani inaita kwenye mlango wa pili.

Kuna wanaosema basi tumia nguvu, `rmmod -f`. Mimi sitii mkono. Kwanza, haifanyi kazi ila keneli iwe imejengwa kwa kuruhusu jambo hilo. Pili, ikiruhusu, unang'oa msimbo ambao mtu bado anautegemea; atakapourudia hakuti kitu, na kompyuta nzima inaweza kuganda, na kilo za asubuhi zikapotea. Zima programu inayoshikilia, hesabu itashuka yenyewe hadi sifuri, na moduli itatoka bila ugomvi. Pale ilitosha `kill` ya kawaida.

Wala `kill -9`, ile ya kuua kwa nguvu, haiui kila kitu. Ukiiona programu kwenye `ps`, orodha ya programu zinazoendelea, ina herufi D, imelala ndani ya keneli ikingoja jibu la kifaa, pengine kifaa ambacho hakitarudi tena. Ishara yako haitashughulikiwa mpaka iamke. Soma `dmesg`, ujumbe wa keneli. Ikiwa draiva ndiyo imekwama, kuzima na kuwasha kompyuta ni halali, na yule kijana hapo ana haki.

Na mpangilio nao: `usbserial`, moduli ya msingi ya milango ya namna hii, haitoki kabla ya `ch341`, kwa kuwa ya pili imekaa juu ya ya kwanza. Watu huanza na ya chini, wakikataliwa wanalaumu Linux.

Dawa ya Micheweni haikuwa kwenye draiva kabisa. Aliyeandika programu ya kilo aliiambia kila kosa ilipuuze na iendelee kusoma, hivyo waya ukichomoka ilisoma patupu milele bila kufunga mlango. Nikaongeza mistari michache: ikikosa mizani, ifunge mlango, isubiri sekunde mbili, ifungue upya. Badala ya ttyUSB0 nikaipa jina lililo chini ya `/dev/serial/by-id/`, ambalo halibadiliki namba ikigeuka. Tukachomoa na kuchomeka mara sita mbele ya tajiri. Kilo zikarudi kila mara. Tundu la USB nimelifunga kwa utepe, na bado linalegea.